Matawi niliyoweka darajani

Leo nimefunga daraja, na lori likapita.

Mimi ni mkaguzi wa madaraja. Mafuriko yamekula udongo chini ya nguzo ya daraja dogo, kabla hujafika Lusahunga. Nikasema hapa hapiti mtu.

Sikuwa na kibao wala utepe. Nikakata matawi, nikayapanga barabarani, nikashuka mtoni kupiga picha.

Sasa, barabara hii ya Rusumo matawi maana yake nini? Kuna lori bovu mbele! Punguza mwendo, ulipite.

Nikasikia zege linapasuka.

Dereva tumemtoa. Mwenzake bado tunamtafuta majini.

Dereva ananiangalia tu: "Kaka, matawi niliyaona. Si nilipunguza mwendo?"

Semeni kweli, nyie mngesimama? Msinifariji.