Jina la Msichana wa Kitabuni

Mimi ni mbishi tangu tumboni, muulize mama yangu. Nilipojifungua binti, mtoto wangu wa kwanza, jina lake nilikuwa nalo tayari na sikutaka mjadala. Nililitoa kwenye riwaya za kale za Kiingereza nilizokuwa nikiazima shuleni pale Tukuyu. Nililikuta katika riwaya tatu, na katika zote tatu msichana mwenye jina hilo ana mdomo, ana akili, na anakufa kabla kitabu hakijaisha. Mmoja kifua kikuu, mmoja mto, mmoja huzuni tu, eti! Nililia, kisha nikakasirika. Nikaapa kwamba wa kwangu atafika mwisho.

Baba mkwe akakataa. Kwao Lufingo mjukuu wa kwanza hupewa jina na babu, naye alitaka la marehemu mama yake. Ningemwendea nimweleze, lakini kwa mila ya Kinyakyusa mkwe wa kike haonani na baba mkwe. Wengi wameshaiacha mila hiyo. Mzee wetu, thubutu! Miaka mitatu ya ndoa nilimjua kwa kikohozi chake tu. Nikikisikia njiani, najitosa migombani mpaka apite.

Mume wangu akawa mjumbe, akaenda na kurudi hadi akachoka.

"Baba anauliza, huyo wa kitabuni aliishia wapi?"

"Mwambie nitamsomea."

"Wee! Utamsomeaje?"

Mama mkwe ndiye aliyeamua. Mzee akae nje, chini ya upenu wa jiko; mimi ndani; yeye mwenyewe mlangoni, katikati yetu. "Ukuta ndio kanga yako ya kujifunika," akaniambia.

Nikachagua ile riwaya ya kifua, ninayoipenda kuliko zote hata nikajinunulia. Kila jioni nikasoma, mtoto ananyonya, natafsiri papo hapo. Mzee hakunisemesha hata mara moja. Alisema na mkewe: "Mwambie arudie hapo." Akiondoka: "Ndaga fijo," yaani asante sana, hiyo nayo kwa mkewe.

Tukafika sura ya mwisho. Mzee Kiingereza hakijui. Ningeweza kumponya yule msichana kwa sentensi moja tu, na jina lingekuwa letu. Nikamtazama mwanangu. Nimpe jina la wizi? La hasha. Nikasoma kama ilivyoandikwa, na msichana akafa.

Nje, mvua ikipiga bati, mzee akakohoa.

"Mwambie," akasema, "mama yangu naye alikufa hivyo hivyo, kwa kifua. Alikuwa bado binti, mimi sijang'oa hata jino. Ndiyo maana nililitaka jina lake. Nilitaka arudi, amalizie."

Machozi yakanitoka. Siku zote hizo nilikuwa napigana na mtu anayetaka kile kile ninachokitaka mimi. Nikafungua mdomo niseme basi, ubishi umeniisha, mpe la mama yako.

Akaniwahi. Nilisikia kigoda kikisogea, kikohozi kikaja hadi ukutani. Safari hii hakumtuma mkewe. Alimwita mwanangu, kwa sauti, kwa lile jina la kitabuni.

"Wewe," akamwambia, "usiwaige hao. Wewe umalize."