Saa ya Chumba Namba Nne

Wanafunzi walimwita Mama Rudia, na usidhani hakujua. Alijua sana. Miaka ishirini na sita alikuwa amefundisha fidla katika chumba namba nne cha shule ile ya muziki, ghorofa ya pili, juu ya karakana ya seremala, na katika miaka yote hiyo neno lililomtoka mdomoni zaidi kuliko hata salamu lilikuwa hilo moja. Umekosea noti, rudia. Hukukosea, rudia tuone kama hukubahatisha. Wapo waliolia humo ndani, na wapo waliotoka humo wapigaji kwelikweli, na mara nyingi walikuwa wale wale.

Sasa, mwaka huo ulipoanza mkuu wa shule akamleta mwalimu mpya. Mwanamume wa miaka thelathini na kitu, shati limepigwa pasi, begani mfuko unaogongana vyuma kama wa fundi bomba. Kazi yake, mkuu akasema, ni kufundisha muziki wa majaribio. Majaribio ya nini? Mama Rudia alitaka kuuliza, lakini wenzake walikuwa wanapiga makofi, basi naye akapiga mawili ya adabu.

Siku ya tatu Mama Rudia akafungua piano ya chumba namba nne. Lahaula! Katikati ya nyuzi kulikuwa na skrubu, vipande vya raba, na kijiko. Kijiko cha kulia, jamani, ndani ya piano! Alikuwa bado ameshika kifuniko mwalimu mpya alipoingia mbio.

"Shikamoo, Mwalimu. Samahani sana, nilisahau kuvitoa."

"Marahaba. Umesahau kijiko ndani ya piano?"

"Kinabadilisha sauti kabisa. Ukipenda nikuonyeshe."

"Nitolee tu."

Akavitoa kimoja kimoja kwa vidole viwili, akafuta nyuzi kwa kitambaa, akaaga. Mama Rudia akafunga mlango, akabonyeza funguo zote kutoka chini hadi juu. Zile za juu kabisa alizibonyeza huku ameinama, anaangalia kama nyuzi zinatetemeka. Hakuna hata uzi mmoja uliolegea, na hilo ndilo lililomtia wasiwasi zaidi. Mharibifu wa kawaida huharibu. Huyu anatoa kijiko, anafuta na vumbi, anakuamkia kama mkwe! Huyu ana lake jambo. Kuanzia siku hiyo akambandika jina la Bwana Skrubu.

Ilisemekana Bwana Skrubu alisoma muziki ule ule wa klasiki, na vyeti anavyo. Kwa Mama Rudia hiyo haikuwa sifa. Mtu ajuaye kupika halafu akaamua kula mbichi, wewe ungekaa naye meza moja?

Kisha akaona wanafunzi wamebadilika. Miaka yote mwanafunzi alisimama kushoto kwa mwalimu, karibu na dirisha, mwanga unamwangukia vidoleni. Sasa mmoja mmoja walikuwa wanahamia kulia, wanajibana kwenye kabati la vitabu hadi kiwiko kinagonga mlango wa kabati.

"Hapo pana nini?" alimuuliza binti wa fundi cherehani, ambaye alikuwa mwanafunzi wake bora na alikuwa na mtihani mkubwa mwezi uliofuata.

"Jua, Mwalimu. Linanipiga machoni."

Asubuhi ile ilikuwa na mawingu. Isitoshe walikuwa wanakandamiza upinde juu ya nyuzi kana kwamba wanapasua kuni. Nani kawafundisha? Jibu lilikuwa ghorofa hiyo hiyo, chumba namba saba, linagonga masufuria.

Lakini tuseme ukweli wote. Mama Rudia alikuwa na siri, na siri ndiyo iliyokuwa inamnyima usingizi. Miaka arobaini ya kubana fidla chini ya shavu la kushoto ilikuwa imemla sikio. Daktari alimwambia mwaka mmoja uliopita: la kushoto limekwisha, mama, na la kulia nalo linachoka, litaanza kupoteza sauti nyembamba. Aliyejua ni mdogo wake tu, ambaye walikuwa wanakaa pamoja. Maana pale shuleni alikuwepo mwalimu wa tarumbeta, mzee wa watu, ambaye masikio yalipomsaliti, mkuu alimpa keki, hotuba, na funguo za stoo. Tangu hapo kazi yake ikawa kuhesabu stendi za noti. Mama Rudia alipopita mlango wa stoo alikaza mwendo.

Sasa sikia kilichofuata. Mkuu akabandika tangazo: Alhamisi saa nne asubuhi, walimu wote na wanafunzi wa mwaka wa mwisho, chumba namba nne, somo la kusikiliza. Watu watakaa kimya dakika kumi, na kila mtu ataandika kila sauti aliyoisikia. Msimamizi: mwalimu wa muziki wa majaribio.

Mama Rudia alilisoma tangazo mara tatu, machale yakamcheza. Shule ina vyumba tisa, kwa nini chake? Na muziki gani huo usio na mpigaji wala noti, wenye masikio tu?

"Nimechimbiwa shimo," alimwambia mdogo wake jioni, wakati wa kula. "Huyu bwana kanusa kitu, akaenda kwa mkuu. Wanataka kunipima bila kuniambia napimwa."

"Dada, hata hakujui vizuri."

"Ndiyo hatari yenyewe!"

"Si umwambie tu mkuu? Mweleze ilivyo."

"Nimweleze nini? Kwamba mwalimu wake wa fidla ni kiziwi? Funguo za stoo ziko mbili, mwenzangu. Moja anayo mzee wa tarumbeta. Ya pili inaning'inia pale ofisini, nimeiona kwa macho yangu."

Mdogo wake akaanza kutoa sahani. Naye Mama Rudia akachukua karatasi, akakaa pale pale mezani. Chumba namba nne si kilikuwa chake? Nani wa kumfundisha sauti zake? Akaorodhesha. Randa ya seremala. Pampu ya maji, ambayo huwashwa saa nne. Feni, inakwaruza ikifika nusu ya mzunguko. Bawaba ya mlango wa korido. Viatu vya karani. Saa ya ukutani, tik, tik, tik, iliyomsumbua miaka ile ya kwanza mpaka akaizoea. Akaikariri orodha nzima kama mtoto anayengoja kuitwa mbele ya darasa.

Alhamisi chumba kilijaa. Mkuu alikaa mstari wa mbele, miwani puani. Mama Rudia alichukua kiti chake cha siku zote, mgongo kwa mlango, na binti wa fundi cherehani akaja kukaa kulia kwake. Bwana Skrubu akagawa karatasi, akasema majina hayaandikwi, na hakuna jibu sahihi wala kosa.

Hakuna kosa! Mama Rudia alimkata jicho. Somo lisilo na kosa alikuwa hajaliona tangu azaliwe.

Kimya kikaingia. Wengine wakafumba macho. Yeye akaandika. Aliandika dakika ya kwanza, ya pili, ya tatu, mwandiko mzuri ulioinama, mpaka orodha ikaisha, kisha akakunja mikono na kuwaangalia wenzake wanavyohangaika. Mwili ukamlegea kwa raha.

Karatasi zikakusanywa, zikachanganywa, zikagawanywa upya, kila mtu asome ya mwenzake. Mwalimu wa filimbi akasoma aliyopewa: "Randa. Tumbo la jirani yangu. Ndege. Kalamu ya mtu mmoja inayoandika bila kusimama, hata kabla hakujasikika kitu." Watu wakacheka. Mama Rudia naye akacheka, maskini, hakuelewa ni kalamu ya nani.

Kisha mvulana mmoja anayesoma piano akainuka na karatasi yenye mwandiko ulioinama. Akasoma randa, akasoma pampu, feni, bawaba, viatu. "Saa ya ukutani," akasoma, "tik, tik, tik."

Vichwa vyote vikageuka kuelekea juu ya mlango. Mtu akaguna. Mwingine akaziba mdomo. Mama Rudia akageuka wa mwisho. Mishale ya saa ilikuwa imesimama saa mbili na dakika kumi, na ilikuwa saa nne na nusu.

Angenyamaza! Karatasi haikuwa na jina. Wangecheka kidogo, wakaendelea, na yeye akaenda zake nyumbani salama. Lakini shuku ikishampanda mtu kichwani haimwachi akanyamaza. Akasimama, kidole kimemwelekea Bwana Skrubu.

"Wewe! Umeizima saa yangu! Umeizima makusudi unitege!"

Bwana Skrubu akaitazama saa, akamtazama yeye. Uso wake ulikuwa na mshangao mtupu, na Mama Rudia, mtaalamu wa nyuso, aliutafuta ujanja usoni mle asiupate.

"Mwalimu," mkuu akasema taratibu, "saa hii imekufa tangu kabla ya likizo. Unafundisha humu kila siku."

Hapo ndipo alipoelewa amejikaanga mwenyewe. Akakaa. Aliona aibu ya kuvua nguo sokoni. Aliiona stoo, akaona stendi za noti, akaona na keki.

Binti wa fundi cherehani akamshika mkono. Akasema karibu kabisa na sikio la kulia, lakini kwa sauti ambayo chumba kizima kiliisikia:

"Tunajua, Mwalimu. Sisi wote tunajua. Ndiyo maana tunasimama huku."

"Mnajua nini?"

"Kwamba la kushoto halisikii. Tuliambizana. Na tupige kwa nguvu, usipate shida."

"Mlifundishwa na huyu?"

"Huyu hata alikuwa hajaja. Tulianza mwaka jana, kabla ya mitihani. Wewe ulikuwa hujaona tu."

Mama Rudia akalia. Alilia mbele ya mkuu, mbele ya mwalimu wa filimbi, mbele ya mvulana wa piano ambaye yeye mwenyewe alimliza mara ngapi sijui. Mkuu akavua miwani, akaifuta, akasema tu kwamba mtihani wa huyu binti uko karibu na watazungumza ukishapita. Wala hakutaja funguo, wala hakusema hatazitaja.

Asubuhi ya pili Mama Rudia alifika chumbani mapema. Alikagua piano kwanza, maana kulia ni jambo moja na kijiko ni jingine. Kisha akatazama juu ya mlango. Mshale mwembamba ulikuwa unatembea. Akasogea chini yake, akainua sikio la kulia. Hakusikia kitu. Nani katia betri? Alimshuku mtu mmoja tu.

Binti wa fundi cherehani akaingia, akaamkia, akajibana kwenye kabati kama kawaida yake.

"Simama hapo hapo," Mama Rudia akasema. "Lakini usinipasulie kuni. Piga inavyotakiwa kupigwa mbele ya watahini."

"Hutasikia pale mwishoni, Mwalimu."

"Nimesema piga."

Akapiga. Wimbo ukapanda, ukawa mwembamba, ukazidi kupanda, na mahali fulani karibu na mwisho Mama Rudia akabaki anaona upinde tu unavyokwenda na vidole vinavyotafuta. Upinde ukasimama. Zamani hapa ndipo lilipotoka lile neno, hata kabla nyuzi hazijatulia. Safari hii halikutoka. Alilamba midomo.

"Ilikuwaje?" akauliza.

Binti alimwangalia. Hakuna mwanafunzi aliyewahi kuulizwa swali hilo katika chumba kile.

"Ya mwisho ilikuwa chini kidogo, Mwalimu."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Mama Rudia akamtazama kwa shaka, kama alivyomtazama kila mtu maisha yake yote. Kisha akamwamini.

"Basi," akasema, "rudia."