Mume Wangu Alimfulisha Mama Yangu Mazulia ya Motokari

Mimi ni mama wa miaka ishirini na minne, nakaa hapa Kisangani, nina mtoto mchanga wa kwanza. Masista walinifundisha kuandika, ndiyo maana nimeweza kuwaandikia mwenyewe. Jina langu nimemwachia mwenye ukurasa huu wa barua alifiche. Rangi ya motokari pia siitaji, kwa sababu watu weusi wenye motokari katika mji huu wanajulikana, na mkiijua rangi mtamjua mume wangu.

Mume wangu ni karani. Mzungu wake alipokuwa anarudi Ulaya alimuuzia motokari yake kuukuu, na tangu siku hiyo mimi nimekuwa mke mdogo. Jumapili watu wakienda misa, yeye yuko uani amevua shati, anaosha, anakausha, anapaka sirage, nta ya kung'arishia, na kusugua rangi mpaka aone meno yake mwenyewe ndani yake. Flanela laini niliyoiweka kwa nepi za mtoto niliikuta imekatwa vipande, inanuka sirage. Nilipolalamika alijibu, "Mutoto hayazaliwa bado, motokari iko hapa." Nilicheka, nikidhani ni mzaha.

Uchungu uliponishika, mchana jua kali, alinizuia mlangoni mwa gari. "Bon, ngoja kwanza," akasema, akaenda kutafuta gunia la kutandika kwenye kiti. Mimi nimeshikilia mlango, naye ananiambia niondoe mkono, vidole vinaacha alama kwenye rangi! Gunia lenyewe halikusaidia. Maji ya uzazi na damu vilishuka mpaka kwenye mazulia ya chini. Tulifika hospitali, mtoto akazaliwa salama, wa kiume. Baba yake alimtazama kidogo tu, kisha akaniuliza, "Alors, harufu ile itatoka na nini?"

Mama yangu alikuja kwa boti kutoka Isangi, na samaki wa kukaushwa na kwanga, mikate yetu ya muhogo, anisaidie kulea. Wasomaji wa mbali, mjue kwamba kwetu mkwe, bokilo, ni mtu wa heshima kubwa. Mume wangu hali chakula mbele ya mama yangu. Mambo ya mwili wa binti yake hayatamki mbele yake kabisa. Bwana huyu na tai yake shingoni anayajua haya tangu utotoni.

Nilikuwa nimelala na mtoto, dirisha wazi, nikasikia sauti ya mume wangu uani. "Mama, ni mutoto yako alichafua. Miye mwanaume siwezi gusa damu ya bibi. Donc, iko kazi yako. Sabuni iko hapa."

Nilijikokota hadi dirishani nikachungulia. Mama alikuwa amepiga magoti juu ya mazulia, kichwa chini, anasugua kwa brashi, povu jekundu limejaa mikononi. Mkwe wake amesimama karibu, anamwonyesha kwa ncha ya kiatu: "Pale bado. Na pale." Kwa kiatu! Nilitapika kwenye beseni la mtoto, na sikuwa na homa.

Nilimwambia mama tufunge mizigo. Akasema, "Nyamaza, mutoto wangu. Nimefua asikufukuze." Siku ya kuondoka alikataa kupelekwa bandarini kwa motokari, akaenda kwa miguu na kikapu chake. Kwao hakusema neno, lakini jirani aliyekuwa akitwanga pondu, majani ya muhogo, aliona yote, na habari zikafika Isangi. Baba na wajomba wanataka mkwe aende na mbuzi, aombe msamaha mbele ya ukoo.

Mume wangu anashangaa. "Musamaha ya nini? Tapi zinatoka muzuri, hazinuke tena." Hizo tapi, mazulia yake, amezimwagia manukato. Haki ya Mungu, anainama anazinusa, kisha ananiita na mimi nije ninuse! Mtu huyu ananikinaisha. Akinigusa mkono naenda kunawa. Nimemwambia nitarudi kwetu, akasema niende, ila mtoto akiacha ziwa atamchukua, ni wa ukoo wake.

Jumapili ijayo tunabatiza. Ameshaanza kusugua rangi, anataka watu watuone tukishuka mbele ya kanisa. Nikigoma, atanifukuza, nami nampoteza mwanangu. Nikikubali, mama atasikia kwamba nilipanda. Ninyi mliolelewa na mama, niambieni nishike lipi. Kiti nitakikalia, mtoto nitampakata, lakini miguu yangu nitaiweka wapi?