Mraba Uliochorwa Langoni mwa Zizi

Anyesi wa Zuzu alikuwa mkunga kwa sehemu kubwa ya maisha yake, na kazi hiyo haikumpunguzia hata chembe ya udadisi aliozaliwa nao. Wenzake waliposhukuru kwamba mtoto amelia, yeye alishukuru pia, kisha akabaki amesimama, akijiuliza ni nini hasa kinachomfanya kiumbe huyo avute pumzi yake ya kwanza. Alipostaafu na kutulia katika nyumba aliyoachiwa na marehemu mumewe hapo Zuzu, magharibi ya Dodoma, ambako reli hupita kando ya mashamba ya mtama na alizeti, aliuhamishia udadisi huo kwenye vyombo vya nyumbani. Aliifungua redio ya marehemu, akaifunga tena, nayo ikaendelea kusema. Aliwahoji mafundi wa sola mpaka wakawa wanapita njia nyingine. Majirani walisema, kwa mapenzi na kwa mzaha, kwamba mama huyu akifika mbinguni atamwomba Mungu amwonyeshe mitambo.

Binti yake Gladness, mtumishi wa ofisi mjini, alimletea kamera tatu za ulinzi. Moja ilifungwa barazani, ya pili uani, na ya tatu juu ya nguzo ya zizi. Akamfundisha mama kuzitazama kwenye simu, akaondoka akiamini kwamba shughuli imekwisha. Kwa Anyesi ndiyo kwanza ilikuwa inaanza. Alimwona kuku akivuka uani ndani ya simu. Akatoka nje, akamkuta kuku yuleyule amesimama palepale. Hilo lilimtosha siku hiyo. Kesho yake alipiga simu mjini.

"Gladness, mwanangu, yule kuku wa jana nampataje?"

"Jana imepita, mama. Hizo ni za kutazama yanayotokea sasa. Ukitaka zitunze picha, kuna kulipia kila mwezi, au ufunge kompyuta ya kurekodi."

"Sijauliza kulipia. Nauliza jana imekwenda wapi."

Gladness alicheka mpaka wenzake ofisini wakageuka.

Swali hilo lingebaki kuwa burudani ya mkunga mstaafu, lau lisingezuka jambo la maziwa. Wagogo wana desturi ya tangu zamani: mwenye ng'ombe wengi huwagawa kwa ndugu na marafiki ili wamtunzie. Mtunzaji hunywa maziwa na kupata samadi. Mwenye mali hubaki na ng'ombe wake na uzao wao. Kwa njia hiyo ukame au maradhi yakilipiga zizi moja, mali ya mtu haiangamii yote. Ni desturi yenye hekima kubwa, nayo imesimama juu ya kitu kimoja tu, yaani uaminifu.

Katika zizi la Anyesi alikuwamo ng'ombe aitwaye Madoa, mali ya shemeji yake Stanley, mkulima wa Haneti. Madoa alikuwa amezoea kujaza kibuyu asubuhi na jioni. Mvua zilipokatika mapema upande wa Haneti, Stanley aliongeza mtamba mwekundu, akamwacha hapo Zuzu apate malisho. Baada ya hapo, jioni Madoa alitoa maziwa kama kawaida, lakini asubuhi kibuyu kilirudi nyumbani kikiwa na kiasi cha kulowesha ulimi wa paka. Aliyekirudisha ni Daudi, mtu mzima mwenye mke na watoto, aliyechunga ng'ombe wa nyumba hiyo tangu mumewe Anyesi akiwa hai, na ambaye kibanda chake kilipakana na zizi.

Habari zilipomfikia, Stanley alikuja Jumapili, akayasema maneno yake mbele ya watu waliotoka kanisani na kuketi uani kwa Anyesi.

"Shemeji, ng'ombe hawezi kuwa tajiri jioni na maskini asubuhi. Kuna mkono unaomkamua alfajiri. Sasa niambie, anayelala karibu na zizi ni nani?"

Daudi alikuwa amesimama palepale na kamba mkononi. "Mzee, mimi niliachishwa ziwa zamani," alisema, na watu wakacheka.

Stanley hakucheka. "Anayeiba maziwa leo, kesho ataiba ndama. Jumapili ijayo nikija, ama nikute mtu mwingine anachunga hapa, ama niwaswage ng'ombe wangu. Na wengine waliokuamini, shemeji, watanifuata."

Anyesi alimtazama Daudi, na Daudi akamtazama yeye. Moyoni mwake hakutaka kuamini. Lakini alijua pia kwamba kutotaka kuamini si ushahidi.

Jumatatu, kwa wito wa Anyesi, alifika Mudrick, fundi wa kamera, mwenyeji wa Kondoa mwenye duka lake mjini. Alisimama langoni akapaza sauti, "Mbukwenyi!"

"Karibu. Wewe si Mgogo, salamu hiyo umeiazima wapi?"

"Hapahapa kwenu, mama. Nikirudi Kondoa nitairejesha. Shikamoo."

"Marahaba. Ingia, uniambie jana inatunzwaje."

Mudrick aliifuta vumbi kompyuta ya zamani ya Gladness, iliyokuwa imefunikwa kitambaa cha kushona sebuleni, akaitia diski kubwa na programu ya kurekodi. Alizoea wateja wanaolala kwenye kochi mpaka amalize. Huyu alivuta kigoda, akakaa begani pake.

"Kila kamera ina anwani yake humu ndani, kama nyumba zilivyo na namba," alieleza. "Programu inaifuata anwani, inabisha hodi, inataja jina na neno la siri. Kamera ikiridhika, inaanza kumimina picha."

"Na anwani hugawiwa na nani?"

"Kile kisanduku cha intaneti kilichopo dirishani."

"Umeme ukikatika ukarudi?"

"Hugawa upya, mama."

"Basi kesho programu inaweza kubisha hodi kwa kuku ikidhani iko zizini."

Mudrick aliacha kubofya. "Hilo wateja huniuliza baada ya wiki, tena kwa matusi." Akaingia kwenye mipangilio ya kisanduku, akaipa kila kamera anwani isiyobadilika.

Kamera ya barazani ilipokea hodi, na ya uani vilevile. Ya zizini ikakataa. Mudrick alirudia jina, akarudia neno la siri, akapanda nguzo na kushuka. Jua likafika utosini. Wakati wa adhuhuri alitandika mkeka barazani, akaswali. Anyesi alikaa kimya kwa heshima ya ibada, akaichukua simu na kuzisoma kurasa za mipangilio ya kamera hiyo moja baada ya nyingine, kama alivyokuwa akisoma karatasi ya dawa kabla ya kumpa mgonjwa. Mudrick alipotoa salamu ya mwisho na kukunja mkeka, alimkuta anamngoja.

"Mwanangu, mbona hapa inaomba ruhusa ya kutoa picha kwa chombo kingine, na hakuna aliyeijibu?"

Mudrick alisoma, akajipiga paji la uso. Aina ile ya kamera haikuzoea kuzungumza na yeyote ila simu ya mwenyewe. Ilitaka iruhusiwe kwanza, kisha ipewe jina na neno la siri la pekee kwa ajili ya kompyuta. Walifanya hivyo, na zizi likajitokeza kwenye kioo, miiba ya boma na nzi wake wote.

Likabaki jambo moja. Kurekodi kila dakika kungeijaza diski migongo ya ng'ombe waliolala. Afadhali, alisema Mudrick, wachore mraba juu ya picha, na programu irekodi pale tu kitu kinapotikisika ndani ya mraba huo.

"Mwizi wa maziwa hupita wapi, mama?"

"Langoni. Atapita wapi tena?"

Mudrick akauchora mraba langoni, akaaga.

Kila asubuhi Anyesi aliketi mbele ya kompyuta na kikombe cha chai, akatazama jana yake. Aliona kimbunga cha vumbi kikipita langoni kama mgeni asiyebisha hodi. Aliona mbuzi wa jirani. Alimwona Daudi akiingia kulipokucha, akimgusa kila ng'ombe mgongoni, akichuchumaa nje ya mraba na picha ikikatika, kisha akitoka na kibuyu akikitikisa sikioni kwa mashaka. Kabla yake hakuingia mtu. Na bado maziwa hayakuwamo.

Siku zilivyopita alianza kuutambua mwendo wa Daudi kuliko alivyowahi kuutambua kwa miaka yote, namna anavyoburuta mguu wa kushoto na anavyoinama chini ya mti wa lango. Hapo dhamiri ikamsumbua. Mwenyezi Mungu huwaona waja wake, naye huwasitiri. Ni nani aliyempa yeye jicho lisilosinzia, tena bila sitara?

Ijumaa mchana, akipepeta mtama, alisimama ghafla, ungo ukiwa mkononi. Katika miaka yake ya wodini, mtoto mchanga asiponenepa, hakuna mkunga aliyekwenda kuulinda mlango wa wodi. Mkunga humtazama mama na mtoto wakati wa kunyonyesha. Aliuweka ungo chini, akaifungua programu, akaufuta mraba wa langoni na kuchora mwingine mahali alipozoea kulala Madoa.

Jumamosi asubuhi picha ilikuwepo, ya kijivu, ya wakati ambapo mbingu zilikuwa hazijapauka. Mtamba mwekundu, karibu awe sawa na Madoa kwa kimo, alipiga magoti ya mbele kwa shida, akaingiza kichwa chini ya kiwele, akanyonya. Madoa aligeuza shingo, akamlamba mgongoni. Anyesi alicheka peke yake mpaka chai ikamwagika. Kisha kicheko kikamkauka, akamwita Daudi.

Daudi aliinama mbele ya kioo. "Huyo ni binti yake, mama. Alizaliwa humuhumu. Mzee akamchukua Haneti alipoachishwa ziwa. Mkubwa hivi, sikudhani bado ananyonya."

"Na bado wanajuana?"

"Kwani wewe wako huwezi kumtambua?" Alikigusa kioo kwa kidole. "Na mimi nimo humo?"

Alimwonyesha. Daudi alijitazama akiingia na kutoka, asubuhi hii na ile, bila kutikisa kope.

"Huo mraba wa langoni, mama, uliwekwa kwa ajili ya nani?"

Angeweza kusema ni kwa ajili ya wezi. "Kwa ajili yako, Daudi. Nisamehe."

Daudi alinyoosha mgongo. "Basi kesho usimwonyeshe mzee mtamba peke yake. Mwonyeshe na mimi. Asubuhi zote."

Jumapili kompyuta ilitolewa barazani, watu walewale wakaizunguka. Stanley, aliyevaa suti ya kanisani, alitazama asubuhi ya kwanza ya Daudi, na ya pili, na ya tatu.

"Shemeji, huyu namjua. Madoa yuko wapi?"

"Subiri. Wewe ulianza na mtu; nasi tutaanza na mtu."

Mtamba alipopiga magoti, baraza zima lilipasuka kwa kicheko. "Kumbe mwizi ni wa ukoo wenu, Stanley!" alipiga kelele mama mmoja. "Tena ulimleta mwenyewe kwa mkono wako!"

Stanley alifuta jasho. "Nitamrudisha Haneti leo hii."

"Akale nini huko?" alisema Daudi kutoka nyuma. Mkononi alishika kigwe cha ngozi alichokisuka na kukipachika miiba ya mgunga. "Hiki akivishwa puani, kitamchoma mama yake kiweleni, naye mwenyewe atamfukuza. Ila mimi nikifunga, lazima mwingine amshike pembe."

Vijana wawili waliinuka. Daudi hakuwatazama, alibaki amemkabili Stanley, akingoja. Stanley alivua koti, akampa Anyesi alishike, akaingia zizini na viatu vyake vya kanisani mpaka kwenye samadi. Akazikamata pembe. Mtamba alimvuta huku na kule, vumbi likapanda mpaka kifuani.

"Mshike sawasawa, mzee," alisema Daudi, akifunga fundo la kwanza taratibu, bila haraka yoyote. "Bado. Usimwachie mpaka nikuambie."

"Sijamwachia," alisema Stanley.