Penseli Kati ya Malori Mawili

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa suruali ya kuazima kwa kaka yangu, nikatoka Mpepai alfajiri, nikafika karakana ya ushirika pale Mbinga nikiwa nimejiandaa kushika injini. Nilikuwa nimewaaga nyumbani kwa majigambo, kwamba kuchimba ngolo, yale mashimo yetu ya kupandia mahindi, sasa basi, mimi ni mtu wa magari. Mkuu wa Karakana akanipa sanduku la karatasi ngumu lenye ukubwa wa matofali mawili.

Mkuu huyo alikuwa Bruda wa misheni, Mzungu aliyeazimwa na ushirika kufundisha mafundi. Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu, maana mimi nililelewa kwa Kimatengo na Kiswahili nilikikuta shuleni.

"Shikamoo, Bruda."

"Marahaba. Unganisha lori hili. Ukimaliza utaniambia difu inakaaje kwenye ekseli."

Ndani ya sanduku kulikuwa na vipande vya plastiki, vingine vidogo kama punje ya ulezi, vyote vimeshikana kwenye fremu na kila kimoja kina namba yake. Unakikata kwa kisu chembamba, unakisugua kwa msasa laini, unakipaka gundi kwa ncha ya njiti, unakishika mpaka kikubali. Sisi tuliyaita magari ya sanduku. Nilitumia wiki tatu kuunganisha lile la kwanza, na ekseli ya nyuma niliiweka kinyume. Bruda aliligeuza, akatazama, akaniuliza kama nilisoma sanduku. Nikamjibu kuwa nilisoma karatasi ya maelekezo.

"Sanduku kwanza. Karatasi inakuambia uunganisheje. Sanduku linakuambia unaunganisha nini."

Niliitikia kama kijana anavyomwitikia mkubwa, yaani bila kusikia.

Magari yale hayakuwa mchezo, ingawa madereva walitucheka kuwa tunalipwa kwa kucheza. Bruda alikuwa ametengeneza meza kubwa ya mbao, na juu yake, kwa unga wa mbao uliochanganywa na gundi, alikuwa ameifinyanga kona mbaya kuliko zote katika barabara ya kushuka ziwani Mbamba Bay. Tuliiita Kona ya Goti. Upande mmoja mwamba, upande mwingine korongo linalokwenda chini mpaka kijito. Aliipima yeye mwenyewe kwa futi kamba, akaipunguza kwa kipimo cha ishirini na nne, maana yake kila sentimita moja ya mezani ni sentimita ishirini na nne za barabarani. Malori ya mezani yalikuwa ya kipimo hicho hicho, na ya aina ile ile ya pua fupi tuliyokuwa nayo.

Kila dereva, kabla ya kuruhusiwa kushuka ziwani, alisimama mbele ya meza na kuyapitanisha malori mawili kwa mikono yake. Hesabu ya kujumlisha upana wa lori na lori haikutosha, kwa sababu lori likiwa konani halikai mraba. Mkia unakata ndani, pua inatoka nje. Dereva alisukuma, akarudisha, akasukuma tena, na kila mara bodi ziligusana. Hapo ndipo Bruda alipotabasamu. Somo lilikuwa hilo: pale Goti malori mawili hayapitani. Anayeshuka husimama juu penye nafasi, hupiga honi, husubiri. Kanuni hiyo ilibandikwa ukutani, na miaka yote ya Bruda hatukupoteza lori Goti.

Magari yale ya Bruda yalikuwa chapa Korongo, kwa ajili ya ndege mwenye miguu mirefu aliyechorwa kwenye sanduku. Chapa hiyo ilikuwa na kiburi. Vipande vyake vilikutana barabara bila kulazimishwa, usukani ukiugeuza na tairi za mbele zinageuka, hata springi za chuma ulizihesabu jani kwa jani. Lakini ilitaka subira ya mtawa. Plastiki yake ilikuwa kavu, ukiibonyeza vibaya inapasuka, na vibandiko vya namba za gari vilipolowekwa majini vilichanika kwa kutazamwa tu.

Bruda alirudi kwao kwa ajili ya uzee, nami nikarithi meza. Miaka hiyo ndiyo milango ya biashara ilipofunguliwa. Maduka ya Mbinga yaliyokuwa na sabuni na viberiti yakajaa redio, saa na nguo za mitumba. Wanunuzi binafsi wa kahawa wakaja na malori yao mpaka mlangoni kwa mkulima, na ushirika wetu, uliozoea kusubiriwa, ukaanza kukimbizana. Akaletwa Meneja Usafirishaji mpya, mtu wa Tanga, mpole wa maneno na mwepesi wa maamuzi. Siku moja aliingia na masanduku mawili aliyoyaona kwa mwenye duka la redio.

"Bwana fundi, hebu nitazamie vitu hivi. Vyako vimechakaa mno, vinatutia aibu kwa wageni."

Ilikuwa chapa Mnara, ya lori lile lile la pua fupi. Jamani, sitawaficha, niliipenda. Bodi ilikuja imeshapakwa rangi, vioo vinang'aa, tairi ni za mpira wenyewe. Vipande vilikuwa nusu ya vile vya Korongo, na vibandiko vililala kama ngozi. Kasoro nilizoziona ni kwamba usukani ulikuwa pambo tu, na kingo za vipande zilikuwa na ndevu za plastiki za kukwangua. Lori moja la Korongo lilinichukua wiki tatu, ya Mnara niliyamaliza yote mawili kwa siku nne. Nikamwandikia Meneja taarifa ya kurasa mbili nikilinganisha chapa hizo kwa gundi, rangi, uimara na muda. Ilikuwa taarifa nzuri. Nilieleza kila kitu isipokuwa kilichoandikwa ubavuni mwa sanduku, kwa sababu sanduku nilikuwa nimeshalijaza plagi kuukuu za injini.

Meneja aliisoma amesimama. "Kwa hiyo, kwa neno moja?"

"Mnara, Bwana Meneja."

Tangu siku ile madereva wetu wakawa hodari. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo nilivyosema wakati ule, tena kwa fahari. Watu waliokuwa wakigusanisha bodi mwaka baada ya mwaka sasa waliyapitanisha malori pale Goti bila kukwaruza. Nilijiona mwalimu kumpita Bruda. Dereva mmoja tu ndiye aliyesimama mezani akikuna kichwa. Huyo ni Osmund, mtu wa Liparamba, dereva wetu mkongwe, mwenye kushuka na mbolea na kupanda na magunia ya usipa mkavu, dagaa wa ziwani.

"Fundi, meza hii imepanuka?"

"Meza haipanuki, kaka. Ni wewe umeanza kujua kazi."

Watu wakacheka. Osmund akacheka nao, ila aliyapitisha tena malori yale mara mbili, akiinama jicho likiwa sawa na barabara. Baadaye Meneja, aliyekuwa akihesabu saa zinazopotea kusubiri juu ya Goti wakati malori ya wanunuzi binafsi hayasubiri mtu, alikuja kushuhudia mwenyewe. Akayapitanisha malori kwa vidole vyake laini. Akaniuliza kama kanuni ya kusubiri bado ina kazi. Nikasema meza inaonyesha haina. Karatasi ikabanduliwa ukutani.

Haikupita misimu miwili. Osmund alikuwa akishuka na mbolea, akakutana na lori la mnunuzi binafsi, la pua fupi kama letu, likipanda katikati ya Goti. Wa juu hakusubiri, wa chini hakusubiri. Osmund alipoona bodi zinakaribia kugusana alitoka kuelekea ukingoni ili mwenzake apite. Mwenzake akapita. Ukingo ukakatika, na lori la ushirika likaviringika mpaka kijitoni. Osmund alitolewa amevunjika mguu mahali pawili. Kijito kilikuwa cheupe kwa mbolea, na watu wa bondeni walikatazwa kuchota maji kwa siku nyingi.

Kamati ya uchunguzi ilikaa chumbani kwangu, kuizunguka meza. Mwenyekiti wa Kamati alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mtu wa haki, nami sina neno naye. Aliniagiza niyaweke malori mahali pale pale yalipokutana. Niliyaweka. Akachomoa penseli kwenye mfuko wa shati, akaipitisha katikati ya bodi na bodi. Ikapita taratibu, haikugusa kulia wala kushoto.

"Fundi, penseli hii ni kiasi gani barabarani?"

Nikapima unene wake. "Karibu shibiri moja, Mwenyekiti."

"Shibiri nzima," alisema, akamgeukia Osmund aliyekaa kwenye benchi na magongo yake. "Ulikuwa na nafasi, bwana. Ulikwenda ukingoni kufanya nini?"

"Hapakuwa na nafasi, mzee. Niliziona bodi kwa macho yangu."

"Penseli imepita."

"Penseli imepita, mimi sikupita," Osmund alisema. Kisha alinitazama mimi, siyo Mwenyekiti. Alikuwa akingoja fundi wa meza aseme lolote. Nami nilikuwa nikipanga malori yangu yasianguke.

Aliachishwa kazi kwa uzembe na leseni yake ikachukuliwa. Hilo lingeweza kupona. Lililokataa kupona ni jina. Kuanzia Mbinga mpaka Mbamba Bay alijulikana kuwa dereva aliyetumbukiza lori penye nafasi ya shibiri, na hata waliokuwa na vigari vya mizigo vya kubahatisha hawakumpa usukani. Akarudi kwao Liparamba kulima muhogo, akichechemea.

Ushirika nao haukukaa. Malori yalipungua, kisha yakauzwa, mwisho tukaambiwa karakana inafungwa na kila mtu akusanye vyake. Nilikuwa namwaga zile plagi kuukuu nilipoliona sanduku la Mnara chini ya mwanga wa dirisha. Ubavuni, kwa tarakimu zisizozidi ukubwa wa chawa, paliandikwa kipimo: ishirini na tano. Siyo ishirini na nne.

Nilikaa kwenye sakafu. Lori la Mnara lilikuwa dogo kuliko barabara tuliyoliweka. Tofauti ya namba moja tu, isiyoonekana ukilishika mkononi, lakini malori mawili yakipangwa pale Goti tofauti hiyo inatosha kupitisha penseli. Niliyatoa malori ya Bruda kabatini, yamepauka na kuvunjika vioo, nikayaweka mahali pale pale. Bodi ziligusana. Nikaikumbuka sauti ya Osmund: meza hii imepanuka?

Hapa ndipo ninyi vijana mnaoniomba niwaeleze kazi za zamani mngependa kusikia kuwa niliondoka siku hiyo hiyo kwenda Liparamba. Sikuondoka. Meneja alikuwa amehamishwa, Kamati ilikuwa imevunjika, nami nilikuwa nimepata kazi kwenye gereji ya mtu binafsi kwa sifa ya kuwa fundi asiyekosea kipimo. Nilijiambia nitakwenda baada ya mavuno ya kahawa. Kisha baada ya Pasaka. Nilikaa na sanduku lile chini ya kitanda miaka saba, na mke wangu akifagia kwa kulizunguka. Nilikuwa naogopa. Sina neno jingine zuri la kuweka hapo.

Nilikwenda nilipostaafu, nilipokuwa sina tena sifa ya kulinda. Nilibeba malori manne kwenye kikapu, sanduku, na kipande cha mbao nilichochora ile kona kwa kipimo cha meza. Osmund alinipokea kwa heshima iliyoniumiza. Mkewe, Mama Benadeta, alitutengea ugali wa muhogo na usipa, na nilishindwa kula kabla ya kusema.

Niliweka mbao chini uani. Kwanza malori ya Mnara: penseli ikapita. Kisha ya Korongo. Nikampa Osmund penseli.

Alijaribu kuipitisha. Ikagota. Akajaribu kutokea upande wa pili, polepole, kama mtu anayetia uzi kwenye sindano. Ikagota. Nikamwonyesha maandishi ya sanduku, nikamweleza yote, taarifa yangu ya kurasa mbili, kanuni iliyobanduliwa, na miaka saba.

"Nilikuuliza kama meza imepanuka," alisema.

"Uliniuliza, kaka. Nikakucheka."

Nilingoja anitukane. Ningeshukuru. Badala yake Mama Benadeta ndiye aliyesema, akiwa amesimama mlangoni na sahani yangu iliyojaa.

"Sisi hapa hatukuwahi kusadiki, fundi. Watoto wake, mimi, wote tulijua nafasi haikuwepo. Aliyesadiki ni yeye. Miaka miwili ya kwanza alibisha. Halafu akaanza kuniambia, mama, labda nilikuwa nayo shibiri, labda niliogopa tu. Usukani wenyewe hataki kuugusa, hata wa trekta la parokia lililosimama."

Osmund hakumsikia, au alijifanya hasikii. Alikuwa bado ameinama juu ya kona, penseli mkononi, akiijaribu tena na tena mahali ambapo haikupita.

"Kumbe nilikuwa dereva," alisema.

Watu wananisifu kwamba nilifanya kazi miaka thelathini na nne bila kosa kwenye faili langu. Ni kweli, faili langu ni safi. Lililoandikwa kosa ni la Osmund, na mimi niliyaacha malori yote manne pale uani kwake, nikarudi Mbinga na kikapu kitupu.