Dalali Kaimu na Nyumba ya Ukweni

Ukiingia Ruangwa ukataka chumba au kiwanja, utaambiwa umtafute Mzee Kaimu. Kijiwe chake kiko karibu na stendi ya mabasi, benchi moja kwenye kibaraza cha duka la mbolea, na hapo amekaa miaka ishirini na zaidi. Ni dalali, ndiyo, lakini dalali wa namna yake. Wenzake wanakubembeleza ulipe; yeye anakugombeza usilipe.

"Wewe Mwalimu Linus, umekiona chumba mchana wa jua kali, kikavu, ukafurahi," alimfokea siku moja mwalimu aliyehamishiwa pale. "Nenda mvua ikinyesha! Tazama ukuta kule chini, ukiona plasta inabanduka, ondoka. Uliza luku ya umeme mnachangiaje, choo mnatumia wangapi. Na mkataba uandikwe, hata mwenye nyumba awe ndugu yako wa damu."

Wanunuzi wa viwanja ndio aliowakaba hasa. Wakawaulize majirani wa pande zote nne, muuzaji akiwa hayupo. Waende kwa mwenyekiti wa mtaa, halafu idara ya ardhi. Mke wa muuzaji asaini, na watoto wakubwa wawepo wakishuhudia. Anayetaka kujenga vyumba vya kupangisha aliulizwa kwanza maji anayatoa wapi, na kama hajui, alirudishwa kwake. Watu wangapi wanalala leo kwa amani kwa sababu ya makelele ya mzee huyu, hata sijui.

Lakini kinyozi hajinyoi, ndugu yangu. Nyumba yake mwenyewe, ile ya matofali ya kuchoma, bati jekundu, na vyumba vitatu vya wapangaji uani, haikuwa na karatasi hata ya kufungia vitumbua.

Kaimu ni Mmakua wa upande wa Masasi. Alimwoa Safina, Mmwera wa hapa hapa Ruangwa, na huku kwetu mwanamume akioa ndiye anayehamia kwao mke. Ardhi ni ya ukoo wa mke, hutoka kwa mama ikaenda kwa binti, na msemaji wake ni mjomba. Siku moja Mzee Anuari, mjomba wake Safina, alimshika Kaimu mkono, akamtembeza mpaka mwisho wa mikorosho, akasema, "Mkwe wangu, umekaa nasi vizuri. Hapa ni pako, jenga." Nyuma yao alikuwapo Shakila, binti pekee wa Kaimu, ana miaka kumi tu, kabeba maji ya kunywa ya babu yake. Hakuwapo mtu mwingine.

Sasa niambie, ungemjibu nini mzee aliyekupa mke, akakupa na mahali pa kujenga? Ungemwambia subiri kidogo nilete kalamu? Thubutu! Kumdai mjomba wa mkeo karatasi ni kumwambia humwamini, tena ni kama unamngojea afe. Safina alimwonya kabisa: "Ukimdai mjomba maandishi, mimi uso wangu nitauweka wapi?" Kaimu akaliacha hilo. Asubuhi anawafokea watu stendi kuhusu mikataba, jioni anarudi kufyatua matofali kwenye ardhi ya watu. Aliijua dawa na aliigawa bure, ila kuinywa mwenyewe aliona haya.

Mzee Anuari akafariki. Mji ukasogea, nguzo za umeme zikafika hadi mlangoni, na pale palipokuwa pori watu wakaanza kupaulizia. Mwaka jana Safina naye akaanguka uani akianika mihogo. Presha. Kaimu alimbeba mwenyewe mpaka barabarani, lakini hospitali hawakufika naye akiwa hai.

Arobaini ilipokwisha, akaja Abdulkarimu kutoka kijiji cha Kiegei. Ni kaka yake Safina, na sasa ndiye msemaji wa ukoo. Si mtu mbaya, tusimsingizie. Alikaa kwenye mkeka, akatoa pole upya, akafuta machozi ya kweli.

"Shemeji, hatukufukuzi," alisema. "Lakini mila unaijua. Aliyekuleta hapa ametangulia. Nyumba inabaki kwa Shakila na ukoo wake. Wewe una kwenu."

"Kwetu wapi, shemeji? Nina miaka sitini na nne. Walionijua kwetu wote wako makaburini."

"Mjomba alikuandikia?"

 Swali hilo Kaimu amewauliza watu maelfu, na leo anaulizwa yeye.

Hakulala na hasira zake, akaenda baraza la kata. Katibu, Mama Teodosia, alimsikiliza mpaka mwisho, akaweka kalamu chini.

"Mzee Kaimu, si wewe uliyenifokea mimi nilipotaka kupanga bila mkataba? Imekuwaje kwako?"

"Niliona haya, mama."

"Haya hatuwezi kuiandika kwenye faili. Lakini kama yupo mtu aliyesikia kwa masikio yake unapewa mahali pale, wazee watampokea. Yupo?"

"Yupo," alisema Kaimu, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi akapata njaa.

Shakila hakusita. Ameachika, ana watoto watatu, analima ufuta na kuokota korosho kwenye mikorosho ya ukoo wa mama yake. "Nilisikia, baba," alisema huku akimkarangia samaki. "Nitasema kama nilivyosikia." Kaimu alikula akamaliza sahani.

Siku ya baraza waliwahi wote. Walingoja nje, kwenye kivuli cha ukuta wa ofisi. Abdulkarimu alikuwa amempakata mtoto mdogo kabisa wa Shakila, anammenyea ndizi, na alizungumza na Shakila taratibu, bila kumtisha.

"Mwanangu, sema ukweli wako, hakuna atakayekupiga. Ila ujue, anayesimama upande wa baba anakwenda kwa kina baba. Mikorosho ile na mashamba ni ya watoto wa mama."

 Shakila alikuwa anakunja pindo la kanga, anakunjua, anakunja tena. Kaimu alimwangalia, akawaangalia na wale watoto, miguu yao imejaa vumbi. Angempeleka wapi huyu na wanawe? Masasi, kwa nani? Nyumba ya matofali inaliwa?

Waliitwa ndani. Wazee wa baraza walikuwa wamejipanga mezani, na Mama Teodosia ameshafungua faili.

"Mzee Kaimu, shahidi wako asimame."

Shakila akaanza kuinuka. Kaimu aliwahi kusimama kabla yake.

"Sina shahidi," alisema.

Mama Teodosia aliinua macho. "Mzee, si ulinihakikishia yupo?"

"Nilikosea, mama. Uzee. Siku ile tulikuwa wawili tu, mimi na marehemu Mzee Anuari. Hakuna aliyesikia."

"Unaelewa unachokisema? Tukiandika hivyo, hapa huna chako."

"Andika, mama."

Kalamu ikaandika. Abdulkarimu aliinamisha kichwa, hakuonekana kufurahi hata kidogo. Shakila alibaki nusu kasimama, nusu kakaa, halafu akapiga yowe, "Baba! Baba wee!" akaanguka chini na kanga yake usoni. Wazee wa baraza walisikitika. Walidhani anamlilia marehemu mama yake, wakamwambia apige moyo konde, kwani anaye baba.