Kompyuta Iliyochelewa Kuamka

Kompyuta ya Adventina ilikuwa na usingizi wa pono. Ukiiwasha asubuhi, unaweza kuchambua maharage ya mchana, ukayainjika jikoni, ukarudi ukaikuta bado inazungusha kijisaa chake. Nayo ndiyo iliyomlisha yeye na bintiye Happy pale Musinzira, mjini Gitega, tangu waliporudi kutoka Tanzania. Kifaransa chake kilikuwa cha kuokoteza, lakini vidole vyake vilikuwa vyepesi, na watu wa parokia ya Mushasha walimletea ratiba za ubatizo, nyimbo za kwaya na kadi za harusi awapigie chapa.

Uvivu wa mashine asingeujali sana. Lililomkosesha raha ni mama yake.

Mama Anisia alikimbia mauaji kwao Muyinga mwaka wa sabini na mbili akiwa msichana, akazalia Tanzania, akarudi Muyinga kulima shamba la wazazi wake nywele zikiwa nyeupe. Binti yake wa kwanza, Josefina, alikuwa Kanada mwaka wa kumi sasa. Josefina alipiga simu kila mwezi. Mama alipokea, akajibu salamu zote kwa adabu, kisha akamrudishia Adventina simu na kusema neno lile lile, "Sauti si mtu."

Usimcheke. Wakimbizi walikuwa na huruma moja mbaya: mtu akifia mbali, mzazi wake hakuambiwa. Ndugu yake Anisia, Ignasi, alifia safarini, na kwa mwaka mzima watu wazima na akili zao walimletea dada yake salamu. Ignasi anakusalimu, Ignasi anasema mvua huko ni nzuri. Alipokuja kubikiwa kifo chenyewe, hakumlilia marehemu tu, aliwalilia na wale waleta salamu. Tangu hapo hakumwamini mtu asiyemwona kwa macho. Na Josefina aliwahi kutuma picha moja tu, ya harusi, uso umejaa poda kiasi kwamba hata mimi ningeuliza huyu ni nani.

Ndipo Adventina alipopata wazo la kumwonyesha mama uso wa Josefina kwenye kompyuta, wakizungumza wakionana. Pasaka hiyo mama akapanda basi kutoka Muyinga na ndizi zake kikapuni, akakaa mbele ya kioo, shingo ameinyoosha. Sasa umeme wa Musinzira ulikuwa mgeni asiye na adabu, huja bila hodi na huondoka bila kuaga. Kijisaa kilizunguka, kikazunguka, na kabla mashine haijafunguka umeme ukakatika. Haukurudi siku hiyo.

Mama alikiangalia kile kioo cheusi, kisha akamgeukia binti yake.

"Adventina, kama amekufa, niambie. Nitalia, kisha nitanyamaza."

"Mama, naapa ni mzima."

"Hata wale waliniapia."

Kesho yake akarudi Muyinga. Adventina alilia kwa hasira, na hasira zote akazielekeza kwenye ile mashine.

Akaibeba kichwani hadi mtaa wa Magarama kwa Shafii, aliyeuza simu na kutengeneza chochote chenye waya. Shafii hakuifungua hata skrubu moja. "Mama Happy, hii iko mzee. Tafuta ingine."

"Baba Nadia, ningekuwa na nyingine ningekuja kwako? Iwashe, kaa kitako, uitazame."

Wakakaa. Wakanywa chai, wakauliziana habari za watoto mpaka zikaisha. Mwisho kioo kikajaa. Zikafunguka nyimbo za kwaya, zikafuata kadi za harusi, ratiba za ubatizo, kamusi ya Kifaransa, redio, kila kitu kimoja juu ya kingine, bila mtu kugusa.

"Nani amefanya hivi?" Shafii akauliza.

"Mimi. Umeme ni mfupi. Nikaona kazi zangu zote zijifungue zenyewe asubuhi, niukute mlango wazi."

Shafii akacheka mpaka akaweka kikombe chini. "Mama Happy, weye umeita arusi nzima kwa mlango moja, saa moja. Nani ataingia? Na hawa, voilà, angalia. Dawa ya virusi, moja, mbili, tatu."

Tatu kweli. Wateja watatu waliomletea kazi walimwonea huruma, kila mmoja akamwekea dawa yake, naye alizipokea zote, kwa kuwa zawadi haikataliwi.

"Hawa ni walinzi," Shafii akasema. "Moja anaona mwenzake, anasema huyu ni mwizi, anamkagua. Ule naye anamkagua huyu. Mi nitaacha moja tu."

Hapo Adventina akasita, nawe ungesita. Mtu aliyelelewa na watu waliowahi kukimbia hupenda vitu vyake vyote viwe karibu, tayari, anaviona. Kila jina ambalo Shafii aliliondoa kwenye orodha ya kuamka lilimchoma, akauliza, "Halijapotea?" Na kila mara Shafii akamfungulia faili lenyewe alione lipo, limelala tu, litakuja likiitwa. Mpaka akachoka kuuliza. Wakaizima, wakaiwasha. Chai waliyomimina walipoiwasha ilikuwa bado ya moto mashine ilipofunguka. Adventina akaizima tena, akaiwasha tena, kama mtoto aliyepewa toroli.

Kumrudisha mama Gitega haikuwa rahisi. Alisema ana maharage ya kuvuna, kisha akasema magoti, mwisho akasema kweli: hataki kudanganywa mara ya pili. Lakini akaja. Jumapili hiyo, walipotoka misa, umeme haukuwepo. Wakala huku wakisubiri, mama akiwa amekwisha kuvaa viatu vya safari. Taa ilipowaka Adventina hakumaliza hata kutafuna. Akabonyeza, mashine ikaamka, akachomeka modemu ya intaneti, akapiga.

Kwenye kioo akatokea mwanamke mnene, ana miwani, analia kabla hajasema neno.

Mama Anisia hakulia. Alisogea karibu. "Geuka," akasema. "Hapana, upande wa kushoto. Inua nywele."

Josefina akainua nywele. Chini ya sikio palikuwa na kovu la uji, ule uji uliomwagika Tanzania akiwa anatambaa, mama yake alipogeuka kuchukua mwiko. Mama akaligusa kwa kidole kwenye kioo, akaanza salamu upya: watoto, mume, baridi, chakula, watoto tena, moja moja, bila haraka hata kidogo, huku Adventina akiitazama taa isije ikazimika.

Umeme ukakatika akiuliza jina la mjukuu wa mwisho. Adventina akashika kichwa. "Pole, Mama. Tusubiri, labda utarudi."

"Uache upumzike," mama akasema, huku akivua viatu. "Wafu wangu wamepungua mmoja."